Mikono Iliyohesabu Nyota: Haki ya Mwanamke katika Elimu na Kazi za Sayansi

Mada iliyotolewa katika semina ya viongozi wa walei na wajumbe wa Jumuiya Ndogo Ndogo za Kikristo



Tunawashukuru ninyi nyote, wenyeviti wa Jumuiya, wajumbe wa Halmashauri ya Walei, akina mama wa WAWATA, vijana na walimu, kwa kuacha shughuli zenu na kuja kutafakari pamoja nasi. Katika semina zilizotangulia Tume yetu ya Haki na Amani ilizungumzia ardhi, mirathi ya wajane na rushwa. Leo tunaleta mada ambayo huenda imewashangaza baadhi yenu, yaani nafasi ya mwanamke katika elimu ya nyota.

Mtu anaweza kuuliza: nyota zinatuhusu nini sisi tunaohangaika na maji, mbolea na sare za watoto? Swali hilo ni halali, nasi tunalijibu kwa mambo matatu.

Kwanza, elimu tunayoizungumzia ni falaki, sayansi ya kupima mwendo, umbali, mwanga na umri wa vitu vilivyoko mbinguni. Haihusiani na ramli wala utabiri wa bahati, mambo ambayo Kanisa limeyakataza daima. Pili, elimu hii si ngeni kwetu. Bibi zetu walikitazama Kilimia ili kujua majira ya kulima, na mabaharia wa pwani yetu waliongozwa na nyota usiku. Tatu, na hii ndiyo sababu kubwa, msichana anayefungiwa mlango wa hesabu na fizikia amefungiwa pia uhandisi, urubani, hali ya hewa, umeme na kompyuta. Katika elimu ya nyota tunaweza kuona waziwazi jinsi mlango huo unavyofungwa, kwa sababu kumbukumbu zake zimetunzwa vizuri.

1. Kanisa linafundisha nini

Kitabu cha Mwanzo kinatufundisha kwamba mwanamume na mwanamke wote wawili wameumbwa kwa sura ya Mungu, na wote wawili wamekabidhiwa kuutunza ulimwengu. Mababa wa Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika hati Gaudium et Spes ya mwaka 1965, ibara ya 29, walifundisha kwamba kila ubaguzi unaogusa haki za msingi za mtu, ukiwemo ubaguzi wa jinsia, unapingana na mpango wa Mungu. Katika ibara hiyo hiyo walisikitika kwamba bado wapo wanawake wanaonyimwa elimu iliyo sawa na ile ya wanaume.

Miaka 30 baadaye, tarehe 29 Juni 1995, Mtakatifu Yohane Paulo II aliandika Barua kwa Wanawake. Humo alikiri kwamba mchango wa wanawake katika historia umeandikwa kidogo mno, akasikitika kwa ajili ya wana wa Kanisa walioshiriki kosa hilo. Alidai pia mambo yanayoeleweka na kila mfanyakazi: ujira sawa kwa kazi iliyo sawa, ulinzi kwa mama anayefanya kazi, na haki katika kupandishwa cheo.

Basi tukiongea juu ya mwanamke na sayansi hatuleti mtindo wa kigeni ndani ya Kanisa. Tunadai kile ambacho Kanisa lenyewe limefundisha.

2. Masista wanne wa Vatikano

Tuanze nyumbani kwetu, ndani ya Kanisa.

Mwaka 1887 wataalamu wa nchi mbalimbali walikutana Paris wakakubaliana kupiga picha anga lote na kuandika orodha ya nyota. Kila kituo kilichoshiriki kilipewa sehemu yake ya anga. Kituo cha Vatikano, ambacho Papa Leo XIII alikianzisha upya mwaka 1891, kilikuwa miongoni mwao. Picha zilipigwa juu ya mabamba ya kioo, kisha ilibidi kila nukta ndogo juu ya kioo ipimwe mahali pake na ung'avu wake, na tarakimu ziandikwe moja baada ya nyingine.

Kazi hiyo ilihitaji macho mazuri, uvumilivu na uaminifu. Ikaombwa kwa Masista wa Maria Bambina, shirika la kaskazini mwa Italia. Tangu mwaka 1910 hadi 1921 masista waliinama juu ya hadubini. Mmoja alisoma vipimo na mwingine aliandika. Walipomaliza, walikuwa wamepima nyota zaidi ya 480,000.

Kazi yao ilisifiwa, na Papa Benedikto XV aliwapokea mwaka 1920. Hata hivyo, majina yao yalipotea katika kumbukumbu. Picha yao ilibaki, ikionyesha masista wakiwa kazini, lakini waliokuwa wakiitazama hawakujua ni akina nani. Ilikuwa mwaka 2016, karibu miaka 100 baadaye, ndipo Padre Sabino Maffeo, Mjesuiti aliyekuwa akipanga nyaraka za kituo hicho, alipoyakuta majina yao. Tuyataje hapa: Sista Emilia Ponzoni, Sista Regina Colombo, Sista Concetta Finardi na Sista Luigia Panceri.

Zaburi ya 147 inamsifu Mungu ambaye hakuna nyota asiyoijua kwa jina. Tufikiri kidogo juu ya jambo hili. Muumba anazijua nyota zote kwa majina, na sisi tulishindwa kuyakumbuka majina manne ya wale waliomsaidia mwanadamu kuzihesabu. Hakuna aliyekusudia kuwatendea ubaya. Walisahauliwa tu, kwa kuwa ilionekana ni kazi ya mikono, na ya wanawake. Dhuluma nyingi huanza hivyo, kwa mazoea ambayo hakuna mtu anayeyahoji.

3. Ujira, sauti na heshima

Katika miaka hiyo hiyo, kituo cha nyota cha Chuo Kikuu cha Harvard huko Marekani kiliajiri wanawake wengi kwa kazi ya kukokotoa na kuchunguza mabamba ya kioo. Mmoja wao alikuwa Williamina Fleming, mhamiaji kutoka Uskoti. Mume wake alimwacha akiwa mjamzito, akalazimika kufanya kazi ya utumishi wa ndani katika nyumba ya mkurugenzi wa kituo. Mkurugenzi alitambua uwezo wake akamwajiri kituoni. Mwanamke huyo aliyekuwa akifagia sakafu akaja kusimamia kazi ya wenzake, akavumbua nyota nyingi ambazo ung'avu wake hubadilika, na mwaka 1888 akaliona katika kioo lile wingu maarufu linaloitwa Kichwa cha Farasi. Lakini katika shajara yake ya mwaka 1900 alilalamika kwamba mshahara wake ulikuwa mdogo kuliko ule wa wanaume.

Mwingine alikuwa Henrietta Swan Leavitt, ambaye kusikia kwake kulikuwa kumepungua sana. Alilipwa senti 30 za dola kwa saa. Yeye ndiye aliyegundua kwamba kuna nyota ambazo kadiri zinavyong'aa zaidi ndivyo zinavyochukua muda mrefu zaidi kufifia na kung'aa tena. Kwa kuhesabu siku hizo, mtaalamu anaweza kujua nyota iko mbali kiasi gani. Taarifa ya ugunduzi huo ilitolewa mwaka 1912 ikiwa na saini ya mkurugenzi wake, ingawa ndani yake ilielezwa kwamba imetayarishwa na Bibi Leavitt. Kwa kipimo hicho Edwin Hubble aliweza kuonyesha, katika miaka ya 1920, kwamba yapo makundi makubwa ya nyota nje kabisa ya kundi letu. Bibi Leavitt alikufa mwaka 1921. Mwaka 1925 mtaalamu mmoja wa Sweden alimwandikia barua akitaka kumpendekeza kwa Tuzo ya Nobel, asijue kwamba amekwisha kufa.

Mwaka huo huo wa 1925, kijana Cecilia Payne aliyetoka Uingereza alionyesha katika tasnifu yake kwamba nyota zimefanyika kwa sehemu kubwa na hidrojeni. Mtaalamu mkubwa wa wakati huo alimwambia kwamba haiwezekani, naye akalazimika kuandika kwamba huenda matokeo yake si ya kweli. Miaka minne baadaye mtaalamu huyo mwenyewe alikubali kwamba Payne alikuwa sahihi. Hata hivyo Payne alisubiri hadi mwaka 1956 ndipo akapewa uprofesa kamili.

Tunamtaja pia Jocelyn Bell Burnell, aliyezaliwa Ireland ya Kaskazini mwaka 1943. Shuleni kwao wavulana walipelekwa kwenye maabara ya sayansi na wasichana kwenye mapishi na ushonaji. Wazazi wake walikwenda kulalamika, na binti yao akaruhusiwa kusoma sayansi. Enyi wazazi, tuliangalie jambo hili vizuri. Bila wazazi hao kwenda shuleni, huenda dunia isingalimsikia binti huyo.

Mwaka 1967, akiwa mwanafunzi huko Cambridge, alishiriki kuijenga kwa mikono yake darubini ya redio, kisha kila siku alichunguza mita nyingi za karatasi zenye michoro ya kalamu. Humo aliona alama ndogo ambayo mwingine angaliipuuza. Ilikuwa ni mapigo yanayorudi kila baada ya sekunde 1.3 hivi. Hiyo ndiyo ikawa ya kwanza kati ya nyota ziitwazo pulsa, mabaki mazito ya nyota kubwa zilizolipuka, ambayo huzunguka kwa kasi. Mwaka 1974 Tuzo ya Nobel ya Fizikia ilitolewa kwa msimamizi wake Antony Hewish pamoja na Martin Ryle, na yeye hakuwamo. Wapo wanasayansi waliopinga hadharani. Alipoolewa alimfuata mumewe alikohamishiwa kazi, akalea mtoto, na kwa miaka mingi alifanya kazi ya nusu muda.

Mwaka 2018 alipewa tuzo nyingine ya dola za Marekani milioni 3. Fedha zote alizitoa ziwe mfuko wa kusomesha katika fizikia wanafunzi wa makundi ambayo ni machache humo: wanawake, watu wa makabila madogo na wakimbizi. Hapo tunaona mtu aliyenyimwa haki yake akifungua mlango kwa wengine. Ni mfano mzuri kwetu Wakristo. Lakini tusiseme kwamba, kwa vile yeye alikuwa mkarimu, basi kosa lililotendeka limekwisha kuwa jambo jema.

4. Nyota iliyoitwa Uhuru

Historia hii imepita pia katika pwani yetu. Tarehe 12 Desemba 1970, katika jukwaa la San Marco lililojengwa na Waitalia baharini, kaskazini ya Malindi nchini Kenya, ilirushwa setilaiti ya kwanza iliyotengwa mahsusi kwa kuchunguza eksirei zitokazo angani. Siku hiyo Kenya ilikuwa ikiadhimisha miaka 7 ya uhuru wake, na setilaiti ikapewa jina la Kiswahili, Uhuru. Iliorodhesha vyanzo 339 vya eksirei, na ikasaidia kutambua kile kinachoitwa shimo jeusi.

Aliyesimamia mradi huo kwa upande wa shirika la anga la Marekani alikuwa mwanamke, mhandisi Marjorie Townsend, na ndiye aliyependekeza jina la Uhuru. Ni wangapi kati yetu tuliosoma kitabu chochote cha shule kilichotaja kwamba neno la lugha yetu lilipelekwa angani kwa pendekezo la mhandisi wa kike?

Mbegu hiyo imeota. Huko Kenya, Susan Murabana na mwenzake wamekuwa tangu mwaka 2014 wakizunguka shule kwa shule na darubini, wakiwaonyesha watoto mwezi na sayari. Agosti 2024 Umoja wa Kimataifa wa Astronomia ulifanya mkutano wake mkuu Cape Town, kwa mara ya kwanza katika bara la Afrika tangu ulipoundwa mwaka 1919. Mwaka 2020 Andrea Ghez wa Marekani alipata Tuzo ya Nobel kwa kuchunguza kitovu cha kundi letu la nyota. Marehemu Vera Rubin, aliyeteuliwa mwaka 1996 kuwa mjumbe wa Akademia ya Kipapa ya Sayansi, amepewa heshima ya kituo kipya nchini Chile kuitwa kwa jina lake. Kituo hicho kilitoa picha zake za kwanza Juni 2025. Lakini bado wanawake hawajafikia hata theluthi moja ya wanachama wa Umoja huo wa wanaastronomia.

5. Vikwazo vilivyoko kwetu

Tumeongea juu ya Roma, Marekani na Uingereza. Sasa tujitazame sisi wenyewe.

Hapa Tanzania ada ilifutwa katika sekondari za Serikali hadi kidato cha nne tangu mwaka 2016, na hadi kidato cha sita tangu mwaka 2022. Tunashukuru. Lakini sare, nauli, daftari na chakula bado ni mzigo wa mzazi, na fedha zikipungua, anayeambiwa asubiri mara nyingi ni binti. Hata anapokuwa shuleni, akirudi jioni anakuta ndoo, jiko na mdogo wake wa kubeba, wakati kaka yake anafungua kitabu. Saa mbili za kila jioni, kwa miaka minne, ndizo zinazotofautisha anayefaulu hesabu na anayeshindwa. Baadaye tunasema, "Wasichana hawawezi hesabu." Tumeiba muda wao, kisha tunawalaumu kwa kuukosa.

Wapo pia mabinti waliopata ujauzito wakiwa masomoni. Novemba 2021 Serikali ilitangaza kwamba waliokatiza masomo kwa kujifungua wanaweza kurudi katika shule za mfumo rasmi. Mlango wa Serikali umefunguka. Je, mlango wa nyumba zetu na wa Jumuiya zetu umefunguka? Tumkumbuke Williamina Fleming. Alikuwa mama aliyeachwa peke yake na mtoto. Aliyemwamini hakupata hasara, wala sayansi haikupata hasara.

Kuna jambo jingine ambalo tunalitaja kwa uchungu. Wapo wasimamizi wanaodai mwili wa mwanafunzi ili wampe alama, nafasi au barua ya mapendekezo. Hata katika elimu ya nyota, mwaka 2015 profesa mmoja mashuhuri wa Marekani alijiuzulu baada ya uchunguzi wa chuo chake kuonyesha kwamba kwa miaka kadhaa aliwasumbua wanafunzi wa kike kijinsia. Hapa kwetu, Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya mwaka 2007, kifungu cha 25, inaitaja rushwa ya ngono kuwa ni kosa la jinai. Mbele ya Mungu ni dhambi nzito. Anayeinyamazia ili kulinda jina la taasisi anashiriki dhambi hiyo.

Tusiwasahau watoto wenye ulemavu. Annie Jump Cannon, mwenzake Bibi Leavitt, alikuwa karibu kiziwi, naye alipanga nyota zipatazo 350,000 katika makundi yake. Mtoto asiyesikia vizuri akikalishwa mbele darasani na kuandikiwa ubaoni, ni nani ajuaye atafika wapi?

6. Tufanye nini

Tume yetu inapendekeza mambo yaliyo ndani ya uwezo wa kila Jumuiya.

(a) Tuwagawie watoto wetu kazi za nyumbani kwa usawa, wavulana kwa wasichana, na tumpe kila mmoja saa yake ya kusoma. Jambo hili halihitaji fedha.

(b) Mfuko wa elimu wa parokia uandike kila mwaka wavulana wangapi na wasichana wangapi wamesaidiwa, na katika masomo gani. Taarifa hiyo isomwe mbele ya waamini. Dhuluma hupenda mahali pasipo na hesabu.

(c) Kabla binti hajachagua masomo ya kidato cha tatu, mzazi aende shuleni aulize kuhusu maabara na walimu wa fizikia na hesabu. Akielezwa kwamba masomo hayo si ya wasichana, asirudi nyumbani kimya.

(d) Viongozi wamweke mtu anayeaminika, hasa mama mtu mzima, wa kupokea kwa siri malalamiko ya wanafunzi wanaosumbuliwa, na kuwasindikiza hadi TAKUKURU au polisi inapolazimu.

(e) Walimu Wakatoliki na VIWAWA wapange angalau usiku mmoja wa kuangalia nyota kila mwaka, wakati wa kiangazi mbingu zinapokuwa wazi. Hata bila darubini, watoto wataona Kilimia, sayari na ukanda wa nyota za kundi letu. Msichana ndiye aongoze usiku huo.

(f) Tuyaandike majina ya watendao kazi. Katika vitabu vya parokia tunakuta mara nyingi maneno kama "akina mama walipika" au "akina mama walisomba mawe ya ujenzi". Tuandike ni akina mama gani. Makosa ya Vatikano yalirekebishwa baada ya miaka 100. Yetu tunaweza kuyarekebisha katika mkutano ujao.

Ndugu wapendwa, hatusemi kwamba kila binti awe mtaalamu wa nyota. Tunasema kwamba asiwepo binti hata mmoja anayekosa kuwa vile Mungu alivyomjalia kuwa kwa sababu sisi tulimkabidhi ndoo tu. Karama ikizikwa, anayepoteza ni Jumuiya nzima, na siku moja tutaulizwa habari zake na Yule aliyeitoa.

Mama Bikira Maria, ambaye Kanisa humwita Nyota ya Bahari, atuombee. Mungu awabariki nyote.

Maswali ya kutafakari katika Jumuiya

1. Katika nyumba zetu, nani huanza kusoma jioni na nani humaliza kazi kwanza? Kwa nini?

2. Je, tunamfahamu binti katika Jumuiya yetu aliyeacha masomo? Nani atakwenda kumtembelea wiki hii, na kwa msaada gani?

3. Ni kazi gani za akina mama katika parokia yetu ambazo hazina majina katika kumbukumbu? Tuwataje kwa majina, na katibu ayaandike.